Folda ya Marehemu

Simu iliingia nikiwa sokoni Lodwar nachagua nyanya. Mwenye nyanya alikuwa ameshaanza kuninunia kwa sababu nazibonyeza sana, nami nilikuwa najiandaa kumjibu. Aliyepiga alikuwa mjane wa rafiki yangu, yuko Kakuma. Hakunisalimu.

"Dada, computer zote zimekataa," alisema. "Ile kitu yote mwalimu aliweka, haiko. Ukiandika, inasema haijui."

Mwalimu ni mumewe. Alimwita hivyo alipokuwa hai na hakubadilisha alipokufa. Alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, na kwa miaka mingi alifundisha kompyuta katika darasa dogo ndani ya kambi, darasa la shirika ambalo mimi pia nalifanyia kazi. Yeye alikuwa mwalimu wa Kakuma, mimi fundi wa ofisi ya Lodwar. Alikufa kwa ugonjwa wa ini, na siku simu hii inaingia, hata arobaini yake ilikuwa haijafika.

Mkewe ndiye aliyelichukua darasa. Alikuwa mwanafunzi wake kabla hajawa mke wake, kwa hiyo kazi aliijua. Mgao wa chakula kambini ulikuwa umepunguzwa tena, watoto wapo, na ile posho ya kufundisha ndiyo iliyokuwa ikiinjika sufuria yao. Sasa Ijumaa wafadhili walikuwa wanakuja kutazama darasa. Mkuu wetu wa ofisi alikuwa amesema waziwazi, tena mbele yangu, kwamba wakikuta kompyuta zimelala, darasa litafungwa na mashine zitapakiwa kwenye lori ziletwe Lodwar, maana mwalimu mwenyewe hayupo. Alisema hivyo huku anakula andazi. Nilimchukia siku hiyo na sijaona sababu ya kuacha.

Nilimwachia mwenye nyanya nyanya zake, nikaenda nyumbani kuchukua begi.

Mimi ni mtu wa Bungoma. Nilikuja Turkana nikidhani nitakaa kidogo, nikakaa mpaka nikaacha kulalamikia joto na kuanza kuwalalamikia wanaolilalamikia. Nyumba yangu iko Kanamkemer, mtaa wa Lodwar, chumba na sebule, na ndipo mjane huyu alipolala wakati mumewe yuko hospitalini Lodwar. Nilimpa kitanda, akakikataa, akatandika mkeka. Asubuhi nilikuwa nakuta sufuria zangu zote zimesuguliwa kwa mchanga mpaka zinang'aa, hata zile ambazo hazikuwa chafu. Jambo hilo liliniudhi, kwa sababu nilijua anasugua ili asikae bure akifikiri.

Mchana tulikuwa tunakwenda wodini pamoja. Mwalimu macho yalikuwa ya manjano na tumbo limejaa kama la mwenye mimba, lakini ulimi ulikuwa mzima. Siku moja nilimpelekea uji, akautazama, akanitazama mimi.

"Umeniletea password?" aliuliza.

"Nimekuletea uji."

"Uji hata hapa wanapika," alisema, akafumba macho. Mkewe alicheka kidogo, nami nikacheka. Huo ndio mzaha wake wa mwisho nilioupata, na ili mtu auelewe ni lazima nieleze habari ya nenosiri hilo.

Kompyuta za Kakuma zinatumia mfumo wa Linux, kwa sababu ni za zamani na hazina nguvu ya kubeba kitu kingine, na kwa sababu Linux ni ya bure. Pembeni mwa darasa kuna kompyuta moja kubwa inayotunza folda za watu wote, na hizo ndogo za wanafunzi zinasoma kutoka kwake. Kwenye Linux, mtu mwenye nenosiri la mkuu, yaani mkuu wa mfumo, si mkuu wa ofisi, anaweza kuweka programu mahali pa wote, kila anayeketi pale akaitumia. Asiye nalo anaweza kuweka programu ndani ya folda yake mwenyewe tu. Nenosiri la mkuu lilikaa ofisi ya Nairobi. Mimi nilikuwa nakopeshwa kwa kazi moja, kazi ikiisha linabadilishwa. Mwalimu hakuwahi kukopeshwa hata mara moja. Wakimbizi wanaofanya kazi kwenye shirika letu hawaitwi wafanyakazi. Wanaitwa wa kujitolea, na sera inasema wa kujitolea hashiki nenosiri la mkuu. Aliomba mwaka baada ya mwaka, na mwaka baada ya mwaka alijibiwa kwa adabu.

Basi alifanya alichoweza. Kila programu ya darasa aliiweka ndani ya folda yake, kisha akaiacha folda hiyo wazi ili wengine waingie. Ila kompyuta haiwezi kujua hivyo bila kuambiwa. Unapoandika jina la programu, mashine inaitafuta kwenye orodha ya mahali, orodha inayoitwa PATH, inapita moja baada ya jingine. Ikikosa kote, inakujibu kwa Kiingereza kikavu, command not found, yaani amri haikupatikana, hata kama programu yenyewe imelala nzima kwenye diski ileile. Kwa hiyo kila mwanafunzi mgeni, siku yake ya kwanza, kabla hajafundishwa hata kuzima mashine, alinakili mstari mmoja kutoka ubaoni na kuutia kwenye faili lake la kuanzia. Mstari huo uliiambia kompyuta: kabla ya kwenda kokote, pitia kwanza folda ya mwalimu. Jina lake lilikuwa pale kwa herufi ndogo. Walimaliza kozi wakaondoka, wengine wakaenda ng'ambo, na nadhani wapo wanaoukumbuka mstari ule kuliko nambari zao za simu.

Nilifika Kakuma kwa gari la Probox, nimejaa vumbi hadi kwenye meno. Mlangoni mwa darasa alikuwa ameketi askari, mzee Mturkana aliyelilinda tangu mabati yake yakiwa mapya, na mbuzi wake wawili watatu kama kawaida wakitafuna maboksi.

"Ejok," nilimsalimu.

"Ejok noi. Madam, pole. Hizo mashine zimemfuata mwenyewe."

Hakutania. Ndani nako nilikuta ndivyo walivyoamini. Wanafunzi walikuwa wamekaa mbele ya kompyuta wamefunga mikono, kimya, kama watu waliokuja kuhani. Kijana mmoja Mkongo, mrefu, aliyevaa kofia ya sufu katika joto lile, alinieleza kwa upole mkubwa. "Madame, mashini zinamulilia mwalimu. Jana mchana zilikuwa muzuri. Leo zinakatala."

"Mashine hailii," nilisema. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia, na yule mjane akanitazama. Alikuwa amevaa nguo nyeusi na alikuwa amekonda hata shingo yake ilionekana ndefu. Tulishikana mikono muda mrefu. Kisha akaniwekea kiti, akaniletea chai, akasimama nyuma yangu, nami nikaanza kazi kwa sababu kazi ndiyo ilikuwa rahisi.

Niliandika jina la programu ya kufunza kupiga taipu. Command not found. Nikaiandikia mashine inionyeshe orodha yake ya mahali pa kutafutia, na pale mwanzoni kabisa kulikuwa na jina la mwalimu kwa herufi ndogo. Orodha haikuwa na kasoro. Nikajaribu kuingia kwenye folda yenyewe, nikafukuzwa. Ilikuwa imefungwa, na imefungwa kutoka mbali, jana yake jioni. Kompyuta ilikuwa inakwenda palepale alipoielekeza, inakuta mlango umefungwa, inapita, inatafuta kwingine, inakosa.

Nilitoka nje nikapiga simu Nairobi. Nilipokelewa na kijana mwenye sauti safi ambaye hajawahi kunikosea adabu, na huo ndio ubaya wake.

"Madam, mtu aki-exit, account yake inajifunga yenyewe," alisema.

"Ame-exit kwenda wapi?"

Alitazama kitu. "System inaonyesha end of contract."

"Amekufa."

"Pole sana, madam. Lakini kwa system hakuna mahali pa kuandika hivyo. Iko end of contract, transfer, ama discipline."

Nilisimama pale juani nikiwatazama mbuzi. Nilikuwa na matusi ya Kibukusu mdomoni, mazuri, ya bibi yangu, na nilijua nikiyatoa nitakosa nenosiri. Nikayameza. Nilimwomba nenosiri la mkuu kwa siku moja, nikamweleza habari ya Ijumaa. Alikubali. Masharti yalikuwa kwamba nihamishe kinachohitajika na darasa, niifute ile folda kabisa, kisha nimpigie alibadilishe.

Niliporudi ndani mjane aliniuliza nimeambiwa nini. Nilimweleza yote, hata ile ya mwisho wa mkataba, kwa kuwa sipendi kumfichia mtu mzima.

"Si ufungue tu?" alisema. "Unayo password sasa. Fungua, wanafunzi waendelee."

"Nikifungua, wataifunga tena. Labda Ijumaa yenyewe, wageni wakiwa wameketi hapa."

"Hata arobaini bado," alisema.

"Najua."

Alikwenda ubaoni, akachukua kitambaa, akafuta ubao uliokuwa hauna kitu. Kisha akageuka. "Basi hamisha."

Tuliwaambia wanafunzi waende wapumzike. Nikaingia kwenye folda ile kwa nenosiri la mkuu. Folda ya mtu ni kama kabati lake, unakuta vitu havikupangwa kwa ajili yako. Kulikuwa na picha za watoto, barua za maombi ya kazi, nyimbo za kanisani alizorekodi kwa simu. Hizo nilizihamisha kwenye flashi ya mjane bila kumuuliza mtu wa Nairobi, na anayetaka kunishtaki anajua ofisi yangu ilipo.

Programu zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani. Mjane aliketi kando yangu, akawa ananitajia kila moja ni ya nini. Hii ya kufunza taipu. Hii ya kugeuza faili za wale wanaotafuta kazi ziwe za kusomeka ofisini. Hii ya kuzima mashine zote betri za sola zikikaribia kuisha. Hii ya kengele.

"Kengele gani?"

"Ya kumaliza darasa. Si unajua wanafunzi hawaangalii saa."

Nilianza na hiyo, kwa kuwa ilikuwa ndogo. Niliinakili mahali pa wote, mahali ambapo kila kompyuta hutafuta bila kuambiwa na mtu, nikaiandika amri. Safari hii ilipatikana. Ikaanza, kisha ikakatika, inalalamika kwamba haioni faili la sauti. Nikaifungua kuitazama ndani. Jina la mwalimu lilikuwa humo pia. Alikuwa ameiandika programu ikachukue sauti kwenye folda yake, na hivyo ndivyo alivyoziandika zote, kila moja, katikati ya kila moja, kwa sababu hakuwahi kutarajia kwamba siku moja zingekuwa na mahali pengine pa kukaa. Mtu aliyepewa nenosiri tangu mwanzo asingeziandika hivyo. Nilikasirika hadi nikasimama, nikazunguka chumba, nikarudi.

Tukafanya kazi ile mchana kutwa. Mimi naifungua programu, natafuta jina lake, nalitoa, naandika mahali pa wote. Yeye anaijaribu kwenye kompyuta ya mwanafunzi, ananiambia tayari au bado. Hakulia. Niliendelea kungoja alie, na nilivyoona halii nikaanza kuharakisha, kama vile haraka yangu ingemsaidia. Mara moja tu alinishika mkono. Ilikuwa kwenye ile ya taipu, ambapo mwanzoni kabisa, kabla ya somo, inamkaribisha mwanafunzi na kumtajia jina la aliyeitengeneza.

"Hiyo pia lazima?"

Nilitazama. "Hapana. Hiyo ni jina tu, haitafuti kitu."

"Basi wacha," alisema, nami nikaliacha.

Sauti ya kengele ilipohamia mahali pake, niliiandika amri tena, na kompyuta kubwa ikalia. Ilikuwa kengele ya mbuzi. Ilipigwapigwa ovyo, na mwishoni mbuzi mwenyewe alisikika akilia.

"Ni ya mbuzi ya huyu askari," mjane alisema. "Mwalimu alikimbiza mbuzi na simu, anarekodi. Huyo mbuzi tulikula Krismasi." Akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likaondoka.

Kuelekea jioni wanafunzi walirudi. Niliwaambia wafunge madirisha yote ya amri na kuyafungua upya, waandike majina ya programu walizozijua. Zikaja moja baada ya nyingine. Wengine walipiga makofi. Yule Mkongo wa kofia hakupiga. Alikuwa amefungua faili lake la kuanzia, anautazama ule mstari.

"Madame, na huu? Tuufute?"

Mimi ni fundi, napenda faili safi. Nilikuwa tayari kusema ndiyo, ufute, hauna kazi tena.

"Mi siwezi kumufuta," alisema kabla sijajibu.

Darasa zima likageukia kwangu. Mjane akaniuliza, "Ikikaa, inaharibu kitu?"

Nilifikiri. Ukweli ni kwamba hauharibu. "Hauharibu," nilisema. "Kompyuta itapita pale kwanza, itakuta hakuna kitu, itaendelea mbele. Hamtaona tofauti."

"Kama haiharibu, iacheni," aliwaambia. Wakafunga mafaili yao.

Walipoondoka ilibaki kazi moja. Nilimuuliza kama angependa kutoka nje kidogo. Alisema alikaa naye mpaka mwisho kule Lodwar, hawezi kukimbia folda. Akavuta kiti karibu. Niliandika amri ya kufuta, nikaisoma kwa makini, kwa sababu amri ile ikikosewa inafuta na visivyohusika, kisha nikabonyeza.

Kompyuta ilinyamaza. Kishale kikarudi mahali pake.

"Imeisha?" aliuliza.

"Imeisha."

"Haijasema kitu."

"Linux ikifaulu haisemi. Inasema ikishindwa tu."

Aliitikia kwa kichwa. Akaanza kukusanya vikombe vya chai.

Nilipompigia tena kijana wa Nairobi, nilisimama ndani ya darasa makusudi, ili mjane asikie. Nilimwambia kazi imekwisha. Nikamwambia pia kwamba darasa lina mwalimu mpya, anaijua kazi, na kwamba apewe nenosiri ili mambo haya yasirudi. Nilimweleza kilichotokea tangu mwanzo, polepole, namna mtu anavyomweleza daktari. Alisikiliza vizuri sana.

"Nimekuelewa kabisa, madam. Lakini yeye ni incentive worker, wa kujitolea?"

"Ni mwalimu."

"Kwa system lakini."

"Kwa system, ndiyo."

"Basi policy hairuhusu. Akihitaji kitu atume request, tutamwekea." Wakati anaongea nilisikia vidole vyake kwenye kibodi, na nilipojaribu nenosiri tena lilikuwa limeshakufa.

Mjane alikuwa anaosha vikombe kwenye karai. "Na mimi nikitaka kuweka programu mpya," aliuliza bila kugeuka, "nitaweka wapi?"

Jibu nilikuwa nalo na nilijua naye analo. Nilisema tu kwamba atume maombi, nami nitayasukuma kutoka Lodwar. Nilijisikia mjinga kwa maneno hayo.

Ijumaa wafadhili walikuja. Walikuta kompyuta zinafanya kazi, wanafunzi wanapiga taipu, kengele ikalia na mbuzi akalia, wageni wakacheka wakapiga picha. Mmoja aliuliza nani aliyetengeneza programu hizi. Mkuu wetu alisema ni shirika. Nilifungua mdomo, nikamwona mjane ananitazama kwa macho ya kunionya, kwa kuwa darasa lilikuwa linapona mbele yetu na yeye ndiye aliyekuwa na watoto wa kulisha. Nikafunga mdomo. Darasa likabaki, lori halikuja.

Siku zilienda. Arobaini ilifika, nikaenda, tukaomba, tukala. Muda si mrefu wanafunzi wakataka programu ya kuchora, maana kulikuwa na vibarua vya kutengeneza mabango mjini Kakuma. Mjane akatuma maombi. Nikayasukuma. Tukajibiwa kwamba yamepokelewa. Nikasukuma tena, tukajibiwa kwamba yanashughulikiwa. Nilipouliza mara ya tatu, kijana wa sauti safi alikuwa likizo.

Huwa naingia kwenye ile kompyuta kubwa nikiwa Lodwar, kama mtumiaji wa kawaida, kuangalia kama ina afya. Asubuhi moja niliona faili la kuanzia la mwanafunzi mmoja limebadilika. Nikalifungua. Ule mstari wa mwalimu ulikuwa palepale, unaielekeza mashine mahali pasipo na kitu. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine, mpya, wenye jina la mkewe kwa herufi ndogo. Nikafungua la mwanafunzi mwingine, na la mwingine. Kila niliyemwona alikuwa nao.

Nilimpigia. "Dada, umeweka kwako?"

"Nimeweka kwangu. Ningeweka wapi?"

"Unajua itakuwaje siku moja."

"Najua," alisema. "Lakini watu wanataka kazi ya mabango wiki hii, na mimi sifi wiki hii." Nikamsikia akiwaambia wanafunzi wanyamaze. Alikuwa na sauti ya mwalimu.

Sikumripoti. Kila programu anayoiongeza anaiweka kwake, na kila mgeni anayeingia darasani ananakili mistari miwili kutoka ubaoni, wa kwanza na wa pili. Niliwahi kumwuliza kwa nini wageni bado wananakili ule wa kwanza. Alisema hauharibu kitu, mimi mwenyewe ndiye niliyesema.

Juzi alinipigia asubuhi. Alinisalimu safari hii, akaniuliza habari za Kanamkemer, kisha akasema hatafungua darasa siku hiyo. Alikuwa na homa tangu jana, viungo vyote vinauma, na anakwenda kliniki na mtoto mdogo mgongoni.

Nilinyamaza. Nilikuwa ninafikiria ile folda yake, programu zilizo ndani yake, na jina lake katikati ya kila moja. Nilikuwa ninahesabu kitakachovunjika. Nilipozinduka nikasema pole, na akasema asante, ila ilikuwa imechelewa, na yeye alisikia kwamba imechelewa.